Mstari Uliopanda Saa Nne

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kutazama mistari. Ofisi yetu ilikuwa Kitui mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukutani mbele ya meza yangu palikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha hali ya kompyuta za vituo vinne vya afya, viwili upande wa Kitui na viwili upande wa Makueni. Kila kituo kilikuwa na seva moja, yaani kompyuta mama inayobeba rekodi za wagonjwa wote, na kila seva ilikuwa na grafu yake. Mstari wa kijani ulionyesha memori inavyotumika, ukisogea sekunde kwa sekunde. Ukiwa chini, mashine ina nafasi. Ukigusa juu, kila kitu kinakwama: daktari anabofya na kungoja, famasia inangoja, foleni inatoka nje ya mlango.

Niliifanya kazi hiyo kwa kiburi, sitaficha. Siku moja niliwapigia watu wa kituo cha Kabati kuwaambia seva yao inakaribia kulala kabla wao wenyewe hawajaona lolote. Waliponiuliza nimejuaje, nilicheka tu kama mganga. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba aliye mbali, mbele ya skrini yake, huona vizuri kuliko aliyeketi mbele ya wagonjwa.

Kilichonitoa jasho ni kituo kimoja cha milimani, karibu na Nunguni. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, mstari wake ulianza kupanda. Haukupanda kwa ghafla. Ulipanda ngazi kwa ngazi, kidogo halafu kidogo tena, hadi kufikia saa tano ulikuwa umegusa juu na famasia yao inanipigia simu kulalamika. Nilichunguza nikaona shida yote inatoka kwa mtu mmoja, karani wa rekodi. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, sauti ya mama mtu mzima, na nilijua amebakisha miaka miwili astaafu.

Nilimpigia.

"Mwaitu," nikasema, maana kwetu mama wa umri ule haitwi kwa jina, "kuna vitu umefungua huko vinakula memori yote. Ni filamu unaangalia?"

"Filamu gani, mwana wakwa? Mimi niko na wagonjwa."

"Wagonjwa wangapi wako hapo saa hii?"

"Hapa hakuna mtu. Hawa ni wale hawajakuja."

Niliona ananichezea. Nilimwagiza afunge kila faili anapomaliza nalo, akaitikia vizuri, kesho yake mstari ukapanda vilevile. Basi nikaamua kufanya mwenyewe. Nilikuwa na uwezo wa kuyafunga mafaili yake nikiwa Kitui, kwa kubofya mara moja, na nilibofya. Mstari ulianguka hadi chini na mimi nikaenda kunywa chai nikijipongeza. Niliporudi ulikuwa umeanza kupanda tena, ngazi kwa ngazi. Nikabofya tena. Tulikwenda hivyo wiki nzima, yeye akifungua, mimi nikifunga, na hakuna siku alinipigia kunilaumu. Nadhani hata hakujua kuwa kuna mtu anayefunga. Alidhani mashine imezeeka.

Hasira zilinipanda. Mwezi huo mikataba ya makarani ilikuwa inafanywa upya, na meneja wetu aliniomba maoni ya ukurasa mmoja kuhusu kila kituo. Kuhusu kituo cha milimani niliandika kwamba karani hafuati maagizo, anakwamisha huduma kwa wagonjwa, na hafai kuachiwa mfumo. Nilichapisha grafu ya wiki ile nikaibana nyuma ya barua. Ilikuwa ushahidi mzuri sana. Nilijua maana ya barua hiyo kwa mkataba wake, na niliituma.

Baada ya wiki tatu nilitumwa kituoni kumfundisha karani mpya. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya milima ile inaingia hadi kwenye mifupa, na wagonjwa walikuwa wamejifunika shuka kwenye benchi. Yule mama alikuwa bado yupo, amekuja kukabidhi ofisi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliniamkua vizuri, akanivutia kiti, akaniletea chai ya maziwa kwenye chupa yake. Sikujua kama ameambiwa ni nani aliyeandika barua, na sikuthubutu kuuliza.

Saa nne ilipofika akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kufungua mafaili. Nilisimama nyuma yake nikitazama. Kila faili alilolifungua aliliacha wazi na kwenda kwenye linalofuata, akiangalia daftari lake mara kwa mara.

"Mwaitu, mbona hufungi?"

Akanigeukia kama mtu anayemweleza mtoto. Zamani, alisema, kabla ya kompyuta, faili la aliyekuja kutibiwa lilirudishwa kwenye rafu jioni. Faili la aliyepangiwa kuja asije lilibaki juu ya meza. "Inakaa hapo mbele yako. Ukikunywa chai unaiona. Ukienda nyumbani unaiwacha hapo, ukirudi iko. Hairudi kwa rafu mpaka mwenyewe akuje, ama watu wa kwao wakuje waseme amekufa. Ukishairudisha, umemsahau. Hapo imeisha."

Kwa hiyo kila saa nne, foleni ya asubuhi ikishapungua, aliipanga ile meza yake ya zamani ndani ya kompyuta. Wa presha, wa kifua kikuu, mama wajawazito waliokosa kliniki. Halafu alitoka nje na kuwatumia salamu. Alizituma kwa wanawake wanaopeleka kabichi sokoni, kwa watu wa bodaboda, kwa wanakwaya. Hakutaja ugonjwa hata mara moja. Alisema tu, mwambie fulani wa Matiliku kwamba namsalimia, na aliyepata salamu alijua. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Yule mama alikuwa amekataa usemi huo kwa miaka yake yote ya kazi, na mimi nilikuwa nikimfungia mafaili yake kwa kubofya.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Si nilikuambia? Nilisema ni wale hawajakuja."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilimwambia barua ile niliandika mimi. Akasema alishajua, jina langu lilikuwa chini. Halafu akarudi kwenye skrini na kumalizia mafaili yaliyobaki.

Nilirudi Kitui nikamweleza meneja yote. Nilimwambia tungeweza kumtengenezea orodha nyepesi isiyokula memori, kazi ya siku mbili tu, na mama huyu arudi. Alinisikiliza. Akasema mtu mwingine ameshapewa mkataba, na kwamba hata hivyo kituo kile sasa kinaenda vizuri kuliko vyote. Hapo hakusema uongo. Tangu karani mpya aingie, mstari ulikuwa umelala chini asubuhi hadi jioni. Kwenye mkutano wa mwezi huo grafu yangu ilionyeshwa ukutani, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilikaa pale nikitazama mstari ule mtulivu, nikijua kwamba saa nne hakuna tena mtu anayemtafuta mtu.

Nilitengeneza orodha hiyo hata hivyo. Karani mpya alisema ni nzuri, lakini hakuwa na wa kumpa salamu azipeleke, hakuwa mtu wa huko. Basi nikamwomba nesi mkuu ruhusa nipige simu mwenyewe, nianze na walio juu kabisa kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa upande wa Matiliku, mgonjwa wa presha, amekosa kliniki mara mbili.

Alishika simu haraka. Nilimsalimia, nikajitambulisha kuwa napiga kutoka kituoni.

"Yule mama yuko wapi?" akauliza. "Hajanitumia salamu siku mingi. Ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Haumwi. Aliachishwa kazi."

"Alifanya nini?"

Nilitaka kumweleza. Habari za memori, na seva, na mstari unaopanda. Badala yake nikamwambia kliniki yake ni Jumanne, dawa zipo, tafadhali aje.

"Sawa," akasema, kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni.

Jumanne hakuja.