Fundi Mfaume na mashine itakayopisha harusi

Saa mbili asubuhi, Naima Shomari amekaa barazani anachambua mchele. Macho yake yako kwenye ungo. Masikio yako chini ya gari.

Mbele yake, kwenye uwanja wa nyumba, nyayo mbili zimechomoza chini ya Noah ya rangi ya fedha. Ni za mumewe, Mfaume Kibwana, fundi magari wa Kibada, Kigamboni. Zimetulia juu ya kipande cha boksi kama za mtu aliyelala.

"Baba Hudhaifa!" anaita Naima bila kuinua kichwa.

Kutoka chini ya gari, spana inagonga chuma mara mbili. Ngo, ngo.

Naima anaendelea na mchele wake. Baada ya kitambo ataita tena, na spana itagonga tena. Ndivyo asubuhi zao zinavyokwenda tangu masika ya miaka mitano iliyopita.

"Akichelewa kujibu namwaga mchele nakimbia," anasema. "Nimeshaumwaga mara mbili. Mara zote mbili nikamkuta mzima, mikono yote imeshika gia boksi, tochi kaing'ata mdomoni. Atagonga na nini?"

Mfaume, mwenye miaka 52, amekuwa akitengeneza magari nyumbani hapa tangu gereji aliyoajiriwa mjini ilipofungwa. Wateja wake wengi ni majirani: walimu, wenye maduka, vijana wa teksi za mtandaoni. Wiki ikiwa nzuri anaingiza kama shilingi laki mbili. Wiki ya mvua huwa hahesabu.

Ni wiki ya mvua ndiyo iliyobadilisha mambo.

Udongo wa Kibada ni mchanga. Mfaume alikuwa akiweka ubao chini ya jeki ili isizame, na chini ya ubavu wa gari akilaza tairi la akiba, kama mafundi wengi wanavyofanya, endapo jeki itateleza. Siku hiyo mchanga ulikuwa umelowa. Ubao ukadidimia upande mmoja, jeki ikalala, gari likashuka.

Tairi la akiba ndilo lililolipokea. Rimu yake ilipinda, na bado ameitundika ukutani kwa msumari, pale ambapo watu wengine hutundika kalenda.

"Sikuumia. Shati tu lilibanwa," anasimulia Mfaume, akiwa ametoka chini ya Noah na kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Lakini nikawa siwezi kutoka. Naona miguu ya mke wangu inakimbia huku na huku, namwambia niko salama, hasikii kwa sababu anapiga kelele yeye mwenyewe."

Majirani walikuja wakalinyanyua gari kwa mikono. Jioni ile Naima hakugomba. Alimpa mumewe chai, akamwambia maneno ambayo bado anayarudia hadi leo: ama atafute namna nyingine ya kufanya kazi, ama ajifunze kuuza duka.

"Na mie duka siliwezi," anasema Mfaume. "Mtu akinikopa mara moja tu, nimefilisika."

Namna ya kwanza aliyojaribu ilikuwa shimo. Alichimba refu, akalijengea kwa matofali, akawa anasimama ndani huku gari likiwa juu yake. Lilifanya kazi hadi mvua za vuli. Maji ya Kigamboni hayako mbali chini ya ardhi, na hayakungoja kukaribishwa.

"Nikawa nafuga vyura," anasema. "Mteja anakuja kuchukua gari, mtoto wake anataka chura." Alilifukia.

Baada ya hapo alinunua stendi nne za chuma za kushikilia gari, na bado anazitumia. Zimemwondolea hofu ya jeki, lakini si maumivu ya bega na shingo. Ni ya mtu aliyefanya kazi chali nusu ya maisha yake. Daktari alimwambia apunguze kulala chini. Kwa fundi magari, hiyo ni sawa na kuambiwa apunguze magari.

Ndipo akaanza kuwaza mashine ya kunyanyulia gari, ile ambayo mafundi huiita lifti. Kwa miaka mitatu aliweka akiba kwenye kikundi cha mtaani, akijua anataka nini: mashine ya nguzo mbili. Gari linakwenda juu kuliko kichwa, fundi anasimama wima chini yake, anashusha hata gia boksi bila kujikunja.

Aliipata moja iliyotumika, bei nafuu, imelazwa vipande vipande kwenye yadi ya mtu. Muuzaji alimwambia inafanya kazi vizuri sana. Mfaume akaomba ainyanyulie hata pikipiki aone.

"Akasema haijafungwa, itanyanyuaje? Nikamwambia na mie sijajua inavyonyanyua, nitalipaje?" Aliyakagua makomeo, yale meno ya chuma yanayoizuia mashine isishuke ghafla. Ya nguzo moja yalikuwa yamelika. Akaaga.

Hata hivyo hakuiacha nia yake. Nguzo mbili zinahitaji sakafu nene ya zege yenye nondo, zipigwe bolti chini zisitikisike. Akaona aanze na sakafu wakati akitafuta mashine mpya. Akachimba katikati ya uwanja, mahali pakubwa kuliko pote.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo alipokosea.

Nyumba hii si ya Mfaume peke yake. Aliijenga baba yao, marehemu Mzee Kibwana, na haijagawanywa. Mfaume anaishi humo na familia yake. Dada yake mdogo, Samiha, ameolewa Mbagala, lakini ni kwao vilevile. Hapa ndipo ukoo unapofanyia shughuli zote. Harusi ni hapa, arobaini ni hapa, maulidi ni hapa.

Jirani aliona mchanga umerundikwa, akampigia simu Samiha: kaka yako anajenga. Kesho yake asubuhi Samiha alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo nilimpa," anasema Samiha, ambaye leo naye yuko barazani, akimsaidia wifi yake kazi za harusi. "Shikamoo siwezi kumnyima. Ila niliitoa nikiwa nimeangalia shimo."

Mfaume anacheka. "Akaniuliza, kaka, hii mashine gani inachimbiwa msingi kama ghorofa?"

Akamweleza. Samiha akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili ambayo Mfaume anasema hakuna muuzaji wa mashine aliyewahi kumuuliza.

"Nilimwambia, mwanangu Ibtisam anaolewa hapa mwaka huu. Turubai litakaa wapi? Na sisi, siku yetu ikifika, tutatolewa hapa hapa. Jeneza litapita katikati ya nguzo zako?"

Walikaa kikao siku hiyohiyo, barazani, wao wawili na Naima. Hakikuwa kikao kirefu. Samiha alidhani kaka yake anataka kujimilikisha uwanja kimyakimya. Mfaume alidhani dada yake haoni hatari anayoilalia kila siku.

Naima ndiye aliyesimama. Alikwenda ukutani, akaitungua ile rimu iliyopinda, akaiweka mapajani mwa wifi yake.

"Nilitaka aishike mwenyewe," anakumbuka Naima. "Ningeongea ningelia."

Samiha hakuwahi kuitazama kwa karibu. Aliambiwa tu jeki iliteleza; hakuambiwa ni nini kililizuia gari. "Niliishika nikaipapasa pale ilipobonyea," anasema. "Nikamwambia, kaka, mashine nunua. Lakini tafuta inayohama."

Mfaume akarudi kutafuta upya, sasa akiwa na masharti mawili: imzuie kulala chini ya gari, na iweze kuondoka uwanjani siku ya shughuli. Rafiki yake Elibariki, mwenye gereji Gongo la Mboto, ndiye aliyemwonyesha aina nyingine, ya mkasi. Haina nguzo. Ni vyuma viwili vinavyojikunjua kama mkasi na kulipandisha gari hadi usawa wa kifua. Ikishushwa haizidi kimo cha ngazi ya mlangoni, na ina magurudumu ya kuivutia pembeni.

Ina upungufu wake, na Mfaume haufichi. Vyuma vyake vinaziba katikati ya gari, kwa hiyo gia boksi haitoki kirahisi. Hawezi kusimama wima chini yake. Atakaa kwenye kigoda. Magari mazito ya mizigo hayataingia. Kazi hizo atampelekea Elibariki.

"Gia boksi ndiyo iliyokuwa inanilipa vizuri," anasema taratibu. "Nimeiacha. Lakini breki, shokapu, bushi, oili, hizo ndizo kazi za kila siku. Nazo zitanitosha."

Naima alifuatana naye dukani mjini walipokwenda kuiona ikifanya kazi. Mfaume aliuliza maswali ya fundi: inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani? Umeme ukikatika gari likiwa juu? Muuzaji akaizima makusudi. Mashine ikabaki imekaa kwenye komeo lake, gari halikushuka hata kidogo. Kisha akaishusha kwa mkono.

Naima aliuliza swali moja: "Komeo likishika, linalia?"

"Linalia, mama. Ka! Hivyo."

"Irudie nisikie."

Muuzaji aliipandisha na kuishusha mpaka akaanza kucheka. Naima hakucheka. Alikuwa anaikariri sauti ile.

Mashine mpya ni karibu shilingi milioni sita. Akiba ya Mfaume ilitosha, ikibaki kidogo tu ya kumaliza sakafu. Lile shimo la msingi, la katikati ya uwanja, halikufukiwa. Zege lilimwagwa, lakini bila bolti hata moja, na likapanuliwa kuelekea barazani kwa mifuko ya saruji iliyoletwa na Samiha mwenyewe.

"Miaka yote tumecheza ngoma kwenye tope," anasema Samiha. "Sasa bibi harusi atakanyaga pakavu. Gari litangoja zamu yake."

Na ndivyo ilivyopangwa. Jumamosi hii turubai litafungwa juu ya sakafu mpya, Ibtisam aolewe. Wiki inayofuata mashine itavushwa darajani kuja Kibada. Mpaka hapo Mfaume anafanya kazi pembeni, kwenye mchanga, kwa stendi zake.

Mwenye Noah, Mwalimu Jovina, amefika kuuliza gari lake. Ni mwenyeji wa Bukoba, anafundisha shule ya msingi ya jirani.

"Fundi, hiyo mashine ikija, hutaniambia tena njoo kesho, ardhi imelowa?"

"Nitatafuta sababu nyingine, mwalimu."

"Nilijua tu!"

Mfaume anashusha mabega, anajivuta tena chini ya Noah. Zinabaki nyayo.

Naima anausogeza mkeka wake kidogo kuelekea kushoto, anaangalia sakafu mpya, anausogeza tena. Anatafuta atakapokaa mashine ikifika. Kutoka hapo, anasema, gari likiwa juu, ataona vizuri hadi kwenye kigoda.

"Mie mume wangu kazini namjua kwa nyayo tu," anasema. "Kazi ikimkera sijui, ikimnogea sijui. Nataka nimwone uso."

"Utauchoka!" inajibu sauti kutoka chini ya gari.

"Nani kakwambia uongee?" anasema Naima, akiuvuta ungo mapajani. "Gonga."

Ngo, ngo.