Tuliporudi Mida

Ukimtia mfanyakazi wa hoteli barabarani, atatembea huku akimtabasamia kila anayepishana naye. Nililiona hilo mwaka juzi, tulipotoka Kilifi kwenda Malindi kwa miguu, safari ya siku mbili, kuchanga fedha za kuwanunulia viti vya magurudumu watu wenye ulemavu huko vijijini. Wahudumu wetu wa mezani walikuwa karibu kuwakaribisha hata mbuzi. Mimi ni wa dobi, kazini sionani na wageni ila na shuka zao, kwa hiyo nilinuna tangu darajani Kilifi bila kumwomba mtu radhi.

Sikwenda kwa kupenda. Mimi na kutembea hatupatani. Nilikwenda kwa ajili ya shoga yangu, fundi wetu wa cherehani, anayekaa dirishani karibu na mashine zangu za kufulia, akishona foronya zilizofumuka na sare zilizochanika. Miguu yake ilipooza utotoni, kwao Vitengeni. Huja kazini Watamu kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, yenye kibao nyuma cha kuwekea mizigo.

Kamati ya matembezi ilikuwa imempangia mahali pazuri: kiti cha mbele, chini ya hema, Malindi, atupokee kama mgeni wa heshima. Alipoambiwa, aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Kila watu wanapotembea kwa ajili yetu, mimi huwekwa hemani na soda," akasema. "Mara hii nakwenda nanyi, tena kwa mikono yangu hii. Nikishindwa nitapanda gari, lakini nishindwe mwenyewe."

Kamati ikakuna kichwa, kisha ikakubali.

Siku ya kwanza alituonyesha kazi. Kwenye miteremko alitupita akiimba, na kwenye miinuko tulimfikia akiwa ameuma meno, shingo imemtoka mishipa, lakini hakusimama. Tulilala kwenye madarasa ya shule moja Matsangoni. Nilimkanda mikono kwa mafuta ya nazi, naye akanisuta kwa sababu ya viatu vyangu vipya, akasema hivyo ni vya kuendea harusi. Nikamwambia ashughulike na magurudumu yake.

Asubuhi ya pili tulifika Gede mapema kuliko tulivyotarajia, tukapumzika stejini, kwenye kituo cha matatu, kwa chai na mahamri. Muuza chai alinimiminia mimi, halafu akaniuliza huku akimtazama yeye, "Na huyu anywe nini?"

"Huyu ana mdomo," shoga yangu akamjibu. "Mpe chai ya rangi."

Tukacheka wote. Lakini alipopokea kikombe alikiweka mezani, akaigeuza mikono yake na kuitazama viganja, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Mbona mikono yangu haikuchoka? Nani alikuwa ananisukuma?"

Hapo yafaa nieleze namna tulivyofundwa. Hotelini kwetu mgeni hatakiwi kuomba. Maji yamfikie kabla hajaona kiu, na sanduku limtoke mkononi kabla hajauhisi uzito wake. Asiyejua kufanya hivyo hakai kazini. Na anayejua kuliko sisi sote ni mbeba mizigo wetu, mwanamume wa makamo kutoka bara, mwenye mabega mapana na mwendo usiosikika. Yeye ndiye aliyeinua mkono pale stejini, tena kwa fahari kidogo, maana alijua amefanya kazi safi. Alikuwa ametia kiganja chake kwenye kile kibao cha nyuma, akasukuma polepole, hata mwenye baiskeli asihisi.

"Tangu wapi?"

"Kule Mida, dada. Kwenye mwinuko, penye kibanda cha mkaa. Niliona unaumia."

Machozi yalimlenga, na yeye si mtu wa kulia. Hakumtukana. Alimaliza chai yake, akarudisha kikombe, akaigeuza baiskeli kuelekea tulikotoka.

Mkuu wetu wa mapokezi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alimfuata akimbembeleza. Malindi watu wanangoja. Hotuba zimepangwa. Nani atakayejua?

"Mimi nitajua," akasema. "Nyinyi nendeni. Nitawafuata."

Sitasema uongo: nilimkasirikia. Visigino vyangu vilikuwa vinawaka moto, na mtu mzima na akili zake anataka kurudi nyuma kwa sababu ya mwinuko mmoja. Nikaapa siendi, nikaagiza hamri jingine. Kisha nikamwona anaondoka peke yake pembeni mwa lami, mgongo umenyooka, na nikamwonea uchungu, nikaliacha hamri mezani. Nikamfuata. Nyuma yangu, kwa mbali, akaja mbeba mizigo, mikono yake yote miwili mfukoni. Wenzetu wengine wakaendelea na safari.

Kufika Mida shoga yangu alimwita mbeba mizigo. "Ni hapa?"

"Mbele kidogo, dada. Hapo penye magunia."

Akashuka mpaka penye magunia, akageuza, akaanza kupanda. Alipanda polepole mno, kuku wa mwenye kibanda akatupita. Sikumsaidia, na sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kutomsaidia. Alipofika juu alilaza kichwa kwenye usukani, akacheka, nami nikacheka kwa furaha tupu. Gede tulipopita mara ya pili, muuza chai alimwuliza yeye.

Ila viatu vya harusi navyo vilikuwa vinanisubiri. Tulipoanza kuziona nyumba za Malindi, malengelenge yalikuwa yamepasuka na nilikuwa natembea kwa kuchechemea, nikijifanya natazama maduka. Shoga yangu akapunguza mwendo.

"Nikubebe?"

"Sitaki," nikasema, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia.

"Haya." Akaendelea na safari yake, hakuniuliza tena, hakunionea huruma. Tukaenda hivyo kitambo. Nilivua viatu, lami ikaniunguza, nikavaa tena. Mwishowe ni mimi niliyesema, "Shoga, hebu simama."

Nikakaa kwenye kile kibao, viatu mkononi, miguu inaning'inia, na mwili wangu si mdogo. Baiskeli ikalia, kisha ikakubali. Mbeba mizigo akaja karibu, mikono ingali mfukoni, akamwuliza, "Dada, nisukume?" Lilikuwa swali lake la kwanza siku ile.

"Muulize abiria wangu," akasema.

Nilimtazama yule bwana, nikautazama mgongo uliokuwa mbele yangu, blauzi imelowa jasho mpaka kiunoni. "Usisukume," nikamwambia. "Tunafika."

Tukafika. Hema lilikuwa linafunguliwa kamba, mgeni rasmi ameshaondoka, wenzetu wamekaa kwenye nyasi wakila biriani kwenye sahani za karatasi. Waliposimama kutupigia makofi, vijana wawili wa huduma ya kwanza waliwatangulia, wakatujia mbio na kiti cha magurudumu. Wakaniruka mimi niliyeshikilia viatu, wakamwendea yeye aliyenileta.

"Pole, mama. Mgonjwa wako tumshushe? Tumpe maji?"

Shoga yangu aliachia usukani, akaikung'uta mikono, akageuka kunitazama. Kwa jinsi alivyokuwa anacheka, nilijua safari yake imemfikisha.

"Ana mdomo huyo," akawaambia. "Muulizeni mwenyewe."