Ushuhuda Uliobaki Mtandaoni

Kanisani kwetu Migori, familia ambayo mtu wake amepona husimama ikashukuru. Nimekulia katika desturi hiyo na ninaipenda. Jumapili moja mke wangu alisimama, akamshukuru Mungu kwa kuwa binti yetu wa Homa Bay amemaliza dawa za kifua kikuu. Alimtaja kwa jina, akaitaja na hoteli yake anakopika samaki. Tulipiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ibada siku hizi hurushwa moja kwa moja mtandaoni.

Juma halijaisha, binti akapiga simu.

"Baba, watu wananiuliza kama nakohoa kwenye mchuzi. Leo nimepika, chakula kimelala bila mnunuzi. Hiyo video ifuteni."

Sikutulia. Niliomba, lakini kila nilipofumba macho niliona viti vitupu vya hoteli yake. Nikamwendea mchungaji.

"Mzee," akasema, "ushuhuda ni utukufu wa Mungu. Tukiufuta, si tunamnyamazisha?"

"Mungu alisikia siku ile ile. Anayetazama sasa ni nani? Aliyeugua ni mtoto wangu, na hakuulizwa. Hata sheria ya nchi inampa haki ya kutaka mambo yake yaondolewe."

Alicheka. "Kumbe mzee umekuwa wakili!" Hata hivyo alimwita mpiga picha wa kanisa, na video ikaondolewa nikiona. Nilishukuru, nikampigia binti.

"Mmefuta ya kwenu, Baba. Huku kuna kipande kimeshakatwa, kinazunguka kwenye magrupu ya soko. Hayo nimwambie nani?"

Mke wangu, aliyekuwa akijilaumu tangu simu ile ya kwanza, alisema tu, "Nenda ukale kwake. Watu wakuone."

Nilienda. Nilikaa meza ya mlangoni kabisa, mvi zangu zikielekea barabarani, nikala samaki aina ya ngege na ugali.

"Kula polepole, Baba," binti akaninong'oneza. "Ukimaliza, nani atabaki humu?"

Nikaagiza sahani ya pili, ingawa nilikuwa nimeshiba. Kila aliyepita akichomoa simu mfukoni, nilimega tonge jingine ili alione.

Halafu wanaume wawili wakasimama mlangoni. Mmoja alitazama simu yake, akamtazama binti yangu, akaitazama sahani yangu.

Nilivuta kiti kilichokuwa kando yangu.

"Karibuni," nikasema. "Samaki bado ni moto."