Ndoo Iliyosubiri Eda Iishe

Saa mbili asubuhi, Fondo Charo amesimama kwenye mlango wa nyumba ya mawe, Mji wa Kale, kamba begani na kulabu mkononi. Anapiga hodi. Amekuja kuopoa ndoo iliyozama katika kisima cha uani miezi minne iliyopita.

Hiyo ndiyo kazi yake. Tangu kabla ya vita vikuu, kamba ya ndoo ikikatika hapa au kule mtaa wa Bondeni, huitwa yeye. Ujira ni senti chache na, kwa watu wakarimu, sahani ya wali.

"Mji huu wanijua kwa hodi yangu," anasema. Hodi huwapa wanawake nafasi ya kujisitiri kabla mwanamume hajaingia uani. Fondo, mgeni aliyetoka Kaloleni, aliishika adabu hiyo mapema. Heshima si utumwa.

Lakini heshima hiyo hiyo nusura iue.

Ndoo ilipozama, Bi Mwanakuu, mwenye nyumba, alikuwa ndiyo kwanza amefiwa na mumewe. Fondo alipoitikia wito, Bi Nana, shangazi wa marehemu, alimwambia mlangoni kwamba nyumba ina eda, mwanamume wa kando haingii, arudi ikiisha. Fondo akaomba radhi, akaondoka. Hakufika mbali. Mahfudha, binti wa pekee wa mjane, alikwenda kuchungulia ndoo ilikozama, akatumbukia.

Fondo alisikia mayowe, akarudi mbio. Alipofika mlangoni akasimama. Akapiga hodi. Akapiga tena. Ndani ni vilio tu, hakuna wa kumwambia karibu.

"Nilisimama kama gogo," anasema, na mpaka leo anaona haya. "Mtoto afa, nami nangoja kukaribishwa."

Aliyetoka ni Bi Mwanakuu mwenyewe, kichwa wazi, akamkamata mkono. "Ndugu yangu, mwanangu yumo kisimani. Ingia."

Fondo akashuka kwa kamba, akamkuta mtoto ameng'ang'ania jiwe la ukutani, maji yamemfika kidevuni. Alipomtoa, mtoto alitapika, kisha akalia kwa sauti. Bi Nana akaketi chini palepale, huku analia huku anacheka. Ndoo hakuna aliyeikumbuka.

Mtaa ukamwita shujaa. Anakataa katakata. "Kushuka kisimani ni kazi yangu. Yule mama alivuka mpaka asiowahi kuuvuka, na asijue watu watasemaje. Shujaa ni yeye."

Walioanza kumsema mjane walinyamazishwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewaambia kuwa kuokoa roho ya mtoto hutangulia eda.

Eda imekwisha juzi. Leo Bi Nana anaitikia "Karibu!" kabla hodi haijamalizika. Baada ya kitambo ndoo inatoka, imejaa tope, na Mahfudha anadai kuiosha yeye. Fondo ameleta pia mfuniko wa mbao aliougonga mwenyewe, na amenuia kukitengenezea wake kila kisima anachokijua.

Nyuma ya pazia, Bi Mwanakuu anamshukuru, kisha anamwambia siku nyingine asingoje mlangoni.

"Hodi nitapiga, bibi," Fondo anamjibu. "Ila nitaipiga nikiwa nimeshaingia."