Samaki Walionukia Maua

Juzi katoni ya losheni ilifika kibandani kwangu hapa Migori ikiwa imelowa upande mmoja. Chupa moja ilikuwa imepasuka njiani. Nilipokata tepu, harufu ya maua meupe ikanipanda puani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimejibana ukutani, mikono juu ya kichwa, kama mtu anayengoja kurushiwa kiatu. Mama anayeuza mitumba kando yangu aliacha kukunja suruali.

"Umeona nyoka?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni losheni tu. Akarudia suruali zake.

Wewe ni rafiki, nitakueleza. Mimi huuza losheni za Korea, zile za chupa nyeupe zenye herufi za vijiti na viduara. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza kwa simu, neno kwa neno, mpaka nikajua ipi ni ya chai ya kijani, ipi ni ya pichi, ipi inadai kunukia kama shuka iliyoanikwa juani. Chupa zangu zote hutazama upande mmoja. Mteja akigeuza moja, simsikii anachosema mpaka niirudishe. Najua hiyo si afya. Lakini nikiulizwa jinsi ya kuchagua, ninatulia. Usinuse kifuniko, kwa sababu kifuniko hudanganya. Tia tone ndani ya kiwiko, nenda ukanunue mboga, halafu urudi. Harufu itakayokuwa imebaki ndiyo utakayoishi nayo. Kwa joto letu chukua ile nyepesi, kwa sababu nzito itakufanya ung'ae kama mandazi. Paka ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Na usipake kabla ya kushika chakula. Wateja hulicheka hilo la mwisho. Mimi silicheki.

Nililelewa Sindo, hatua chache kutoka ziwani, katika nyumba ya mabati ambayo asubuhi ilinuka moshi na jioni ikanuka samaki. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, alikuwa na tanuri la udongo nyuma ya jikoni. Juu yake aliweka wavu wa chuma, na juu ya wavu vipande vya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na chini yake kuni ambazo hakuruhusu ziwake, zifuke tu. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale na kikopo cha maji, moto ukiinua kichwa ninyunyize. Nilikuwa mzuri sana katika kazi hiyo. Macho yalitiririka, lakini sikuacha hata kipande kimoja kiungue, kwa kuwa kipande kilichoungua kilikuwa na bei yake na bei hiyo ililipwa mgongoni.

Watu wengi wakisikia ziwa hufikiria utulivu. Kwetu vipigo vilikuja asubuhi, pamoja na samaki. Mashua zikigusa mchanga tu, wanawake walikuwa majini mpaka mapajani, kila mmoja na karai lake, wakivutana nywele na kanga. Niliona mwanamke aking'atwa sikio kwa ajili ya mbuta mmoja. Niliona mwingine akipigwa kasia mgongoni na mvuvi aliyemchoka, akaanguka kifudifudi majini, na wenzake wakamruka kuwahi samaki. Baadaye walimwinua, wakamfuta damu, wakampa chai. Hakuna aliyeona ajabu. Sisi watoto tulikula mandazi na kutazama.

Na kulikuwa na jambo la jaboya. Mwanamke akitaka samaki wa uhakika, alimpata mvuvi wake, huyo ndiye jaboya, na alimlipa kwa mwili kabla ya kumlipa kwa pesa. Kila mtu alijua, na kila mume alimchunguza mke wake kwa pua. Mwanamke wa samaki alitakiwa anuke samaki. Akinukia kitu kingine alfajiri, basi alikuwa amejiandaa kwa mtu.

Katika maisha hayo ndipo Waya aliporudi nyumbani. Waya ni shangazi, dada yake Baba. Alikuwa amefanya kazi ya nyumba Kisumu kwa familia moja ya Wakorea, na walipohama walimwachia vitu vya bafuni ambavyo hawakutaka kubeba. Alifika na begi la nguo na boksi lililojaa chupa. Alizipanga dirishani, na mimi nilisimama mbele yake kama mtu aliye kanisani. Sikuwahi kuona vitu vilivyolingana namna ile.

Waya ndiye aliyenifunza kungoja harufu. Alinipaka tone mkononi akaniambia niende nikachote maji. "Ukirudi utaniambia inanukia nini," alisema. "Ya kwanza ni ya kukuuzia. Ya pili ni ya kwako." Nilirudi na ndoo kichwani na mkono puani, nusu ya maji yakiwa yamenimwagikia, nikamwambia inanukia kama mtoto aliyelala. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mama hakutaka kunukia kitu chochote. Alichotaka ni mikono. Chumvi, magamba na moshi vilikuwa vimeipasua mpaka ikawa kama matope ya kiangazi, na alipokunja ngumi mistari ilitoa damu. Mafuta ya mgando yalimsaidia kidogo tu, yakishika majivu. Waya alimpa chupa ya maua meupe. Akamwambia vizuri kabisa: upake jioni, ukimaliza kazi, ukishaoga. Dani, aliyekuwa akigeuza samaki, aliongeza lake bila kutuangalia: "Harufu haina miguu. Watu ndio huibeba."

Siku chache Mama alifuata. Kisha ikaja asubuhi ambayo nyufa zilimchoma sana asiweze kushika kisu, na akafanya kosa ambalo nadhani ni mwanamke wa tanuri pekee anayeweza kulifanya. Alijipaka kabla ya kazi. Alijipaka sana, mpaka viwikoni, akapasua mbuta, akawapaka chumvi kwa mikono ile ile, akawapanga juu ya wavu. Moshi hauondoi harufu. Moshi huipika ndani. Mimi nilikuwa pale na kikopo changu, na nakumbuka nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza jikoni kwetu kulinukia.

Keshoye mchuuzi mmoja wa Homa Bay mjini, mwanamke wa maneno mengi aliyenunua kwetu kila wiki, aliinua kipande ufukweni akakipeleka puani. Akanusa tena. Kisha akakiinua juu ili wote wakione.

"Nyar Migori," alimwita Mama kwa jina la kwao, binti wa Migori, "hii samaki yako inanukia bibi harusi. Ilikuwa inaenda kwa jaboya gani?"

Ufuko wote ulicheka. Wanawake walipokezana kile kipande. Mmoja alikipaka shingoni, akatembea akitikisa kiuno. "Mimi pia nipeleke kwa huyo," mwingine alisema, "wangu ananuka dizeli." Ukweli ni kwamba ilichekesha. Hata Mama alicheka, akificha mikono ndani ya kanga.

Baba alikuwa upande wa pili wa mashua yake akishona wavu, na wenzake wakamrushia mzaha. "Jakom," wakamwita, mwenyekiti, "kumbe nyumbani kwako samaki huoga?" Aliweka sindano ya wavu chini polepole. Mimi nilimjua. Alipokuwa akipiga kelele tulikuwa salama. Alipofanya mambo polepole, nilianza kukimbia.

Nilifika nyumbani kabla yao, lakini sikuwa na la kufanya. Alimleta Mama akimshika nywele. Alimwangusha uani, akafungua mkanda, na kwa kila pigo aliuliza swali lile lile kwa sauti ya chini, "Nani?" Mama hakuwa na jina la kumpa. Nadhani angekuwa nalo angelitoa, aseme lolote, ipumzike ngozi yake. Chuma cha mkanda lilimpasua juu ya jicho. Waya alitoka ndani na mfuniko wa sufuria akampiga kaka yake kisogoni, mlio ukasikika mpaka kwa jirani, naye akageuka akamsukuma juu ya vichanja vya kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, vikaanguka vyote naye katikati. Waya alipojaribu kuinuka, Baba alimpiga teke la tumbo. Kisha akaingia ndani, akarudi na ile chupa. Akapiga goti kando ya Mama na kummiminia yote kichwani, taratibu, kama anamsafisha.

"Si unapenda kunukia," alisema. "Nukia basi."

Majirani walikuwa wamesimama nyuma ya ua wa miti ya euphorbia. Hakuna aliyevuka. Mimi nilikuwa nimesimama na kikopo cha maji, na nilichofanya, nakwambia kwa sababu sijawahi kumwambia mtu, nilinyunyiza moto. Kuni zilikuwa zinaanza kuwaka.

Ndipo Dani alipoacha samaki wake. Alitembea kama mtu anayekwenda kuanua nguo. Aliinama juu ya Mama, akakomba losheni nyweleni mwake kwa kiganja, nyeupe na nyekundu zikiwa zimechanganyika, akajipaka shingoni. Akakomba tena, akajipaka mikono, akajipaka mashavu. Kisha akasimama mbele ya mwanawe, karibu kabisa, kichwa chake kikifika kifuani pa mwanawe.

"Ninuse," alisema. "Mimi ni mjane wa baba yako. Sema nimetoka kwa mashua ya nani. Sema, halafu unipige."

Sijui kwenu kukoje. Kwetu mwana akimwinulia mama yake mkono ameivunja nyumba yake mwenyewe. Laana hiyo huitwa chira, nayo haimshiki aliyefanya tu, hufika mpaka kwa watoto wake. Mkanda ulikuwa tayari hewani.

"Mama, toka hapo," Baba alisema.

"Ninuse kwanza."

Mkono ulishuka. Hakuomba msamaha. Alilipiga tanuri teke mpaka likapasuka ubavu, samaki wakamwagikia majivuni, akaenda zake kisiwani Takawiri kwa watu wake wa mashua, akakaa huko mpaka uvimbe wa Mama ukaisha.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mahali ninapopakumbuka kwa hamu, na ninaona haya. Baada ya siku ile Dani alijipaka losheni kila asubuhi. Mwanamke mzee, meno machache, moshi umemkaa kwenye makunyanzi, akinukia pichi Jumatatu na chai ya kijani Jumanne. Nyumba nzima ilinukia, kwa hiyo hakuna pua iliyoweza kusema ni nani. Mama alijipaka, Waya akajipaka, nami nikajipaka. Tulikaa kuzunguka tanuri lililozibwa kwa udongo mpya, mikono yetu iking'aa, tukila vipande vya mbuta vilivyovunjika, na Dani akitukumbusha tunawe kabla ya kugusa samaki. Baba alipita katikati yetu. Alipata sababu nyingine, ugali mbichi, kiberiti kilichopotea, lakini harufu hakuigusa tena, na kwa ajili ya harufu tu aliwahi kukaribia kumuua Mama, kwa hiyo niamini nikisema zile zilikuwa siku njema.

Ziliisha kama chupa zinavyoisha. Waya aliolewa Ntimaru. Dani aliugua, akafa kiangazi. Kabla hata matanga hayajaisha vizuri, Baba alimpokea Mama mlangoni, akamshika mkono, akauinua puani. Mama hakungoja aulizwe. Asubuhi iliyofuata tulikuwa Migori kwa watu wake, na hatukurudi. Baba naye sasa amezikwa.

Mama anakaa nami. Nimemletea kila losheni iliyopita mikononi mwangu, nimemweleza habari za kiwiko na unyevu, nimejaribu maua yote. Ananisikiliza kwa heshima kama mteja mgeni. Kisha anachukua ile ya wagonjwa wa ngozi, isiyonukia, ambayo hapa hakuna mwingine anayeinunua. "Hii ni nzuri," husema. "Haisemi kitu." Bado kabla ya kufungua mlango, hata akibisha mtoto wa jirani, huinua mkono wake akaunusa.

Mwezi uliopita nilikwenda Sindo peke yangu. Nilitaka kuona tanuri. Ziwa limepanda, limekula ufuko na miembe ya kwanza na ua wa euphorbia. Pale jikoni kwetu palikuwa na magugu maji na korongo mmoja amesimama. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mpumbavu. Nililia kwa ajili ya moshi, kwa ajili ya mikono ya Dani, kwa ajili ya uani ambapo mama yangu aliburutwa kwa nywele. Sikujua mtu anaweza kupatamani mahali kama pale.

Niliporudi Mama alikuwa kitandani, ametoka kuoga, chupa yake mapajani. Hakuuliza kuhusu kaburi la Baba wala watu.

"Nasikia maji yamepanda," alisema. "Yamefika mlangoni?"

"Yamepita mlango, Mama. Hakuna nyumba."

"Vizuri," alisema, na akaendelea kupaka viwiko vyake.