Fundi Aliyemtambua Askari kwa Kwapa

Saa mbili na robo asubuhi, cherehani ya Mama Pindo inakwenda mbio kuliko kawaida yake. Anatia mfuko kwenye suruali ya mteja, lakini macho hayatulii: yapo kwenye saa ya ukutani, mara mlangoni, mara kwenye saa tena. Kufumba na kufumbua, ameshona mdomo wa mfuko ukafungwa kabisa.

"Huyu mteja wangu hataibiwa maisha," anasema, akichukua wembe kufumua. "Shida ni moja tu, na yeye mwenyewe hataweza kutia mkono."

Anacheka, kisha anashika kifua. Saa nne kamili anatakiwa mbele ya kamati ya malalamiko dhidi ya polisi. Hajawahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya sita, na hao sita walikuwa wifi zake.

Mama Pindo ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka ishirini na mbili ameshona katika chumba hiki kimoja kinachotazamana na lango la kituo cha polisi. Jina lenyewe amepewa na askari, kwa sababu hakuna anayejua kupinda suruali ya sare kama yeye. Mashati yao anayajua moja moja: la nani limechanika mfuko, la nani limepungua vifungo, na nani tumbo limemtangulia tangu apandishwe cheo.

"Mimi nyuso zao nazisahau," anasema. "Lakini nionyeshe mgongo wa shati, nitakwambia mwenye nalo anakula vizuri au la."

Anayengojewa leo si yeye peke yake. Milango mitatu kutoka hapa kuna meza ya Fundi Saa, mgane wa miaka hamsini na tisa, mpole kiasi kwamba hata nzi anamwomba radhi kabla ya kumfukuza. Kamati imesema wazi: kama leo askari aliyempiga hatatambuliwa, lalamiko lake linafungwa na halitafunguliwa tena.

Ilikuwa miezi tisa iliyopita, saa saba mchana, siku ya operesheni ya kuondoa meza za barabarani. Askari wanane walitoka langoni wamevaa kofia ngumu zenye kioo mbele ya uso. Mmoja wao alisimama kwa Fundi Saa, akainua saa ya mteja iliyokuwa ikitengenezwa.

"Hii ni ya wizi. Naichukua kuwa ushahidi."

"Sawa afande," Fundi Saa alijibu, akamsogezea daftari lake la wateja. "Niandikie namba yako hapa, mwenyewe akija nimwambie iko wapi."

Ndipo alipoona kwamba kifuani pale penye namba hapakuwa na kitu. Akauliza kwa upole wake uleule, "Namba yako imekwenda wapi, baba?"

Rungu lilishuka mara tatu. Lilimvunja vidole viwili na gumba la mkono wa kulia, mkono unaoshika bisibisi nyembamba kama unywele.

Alipokwenda kituoni kushtaki, mkono ukiwa kwenye plasta, askari wa kaunta alimuuliza namba ya aliyempiga.

"Hakuwa na namba."

"Basi mzee, nitamwandika nani? Bila namba hakuna askari."

Alirudi mara tano. Mara ya tano yule wa kaunta alimshauri aangalie vizuri, labda alianguka mwenyewe.

"Nilijiangalia," Fundi Saa anasimulia. "Nikaona nimeangukia rungu, mara tatu mfululizo, palepale. Nina bahati mbaya sana mimi."

Mama Pindo alizisikia habari hizo. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake, na hakumwambia mtu.

Namba ya askari ni kitambaa kidogo kinachotakiwa kushonwa kifuani pande zote nne. Lakini tangu mwaka juzi, baadhi yao walianza kumletea mashati na ombi jipya: awawekee ule utepe wa kunata, unaolia *chrrr* ukiubandua. Walimwambia ni kwa ajili ya kufua, namba isipauke. Akawawekea askari kumi na saba.

"Nilijiona mbunifu kabisa," anasema, sauti ikishuka. "Nikawa najisifu kwa wenzangu. Kumbe natengeneza mlango wa kutorokea."

Miezi minne ikapita tangu Fundi Saa apigwe. Siku moja msusi wa jirani aliingia, akafunga mlango, akatoa simu. Alikuwa na video ya sekunde kumi na tisa aliyoichukua siku ile kutoka dirishani, na alikuwa akiogopa kumwonyesha mtu.

Waliitazama. Kioo cha kofia kinameta, uso hauonekani. Kifua ni kitupu. Rungu linapanda.

"Rudisha," Mama Pindo akasema. "Hapo mkono unapopanda. Simamisha!"

"Unatafuta nini, dada? Uso si huo umefichwa?"

"Uso wa nini? Lile kwapa ni langu!"

Msusi alidhani mwenzake amechanganyikiwa. Lakini Mama Pindo alikuwa ameliona waziwazi: chini ya mkono wa kulia, kiraka cha pembe nne kilichosimama kama kishada cha watoto cha kurusha angani, cha bluu iliyopauka kidogo kuliko shati. Alikitia mwenyewe. Koplo mmoja alikuwa amenenepa ghafla, shati likampasuka makwapani, na sare mpya zilikuwa hazijafika. Mama Pindo akakata kiraka kutoka masalia ya sare za shule. Askari akisimama kawaida, hakionekani kabisa. Mpaka ainue mkono.

"Angempiga kofi la chini chini, nisingemjua mpaka leo," anasema. "Ni lile rungu. Alilipandisha juu mno."

Kesho yake alikwenda kwa Fundi Saa na kumwambia yote, kuanzia kwapa mpaka utepe wa kunata.

"Kwa hiyo namba yangu umeninyima wewe?"

"Ni mimi, kaka."

Akammiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani. "Basi utanirudishia wewe," akasema.

Nyumbani, mume wake ambaye ni mpaka rangi za nyumba hakuamini masikio yake. "Mke wangu, unataka kumwaga unga wa nyumba nzima kwa ajili ya kwapa la mtu?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Mama Pindo alipoandikisha maelezo yake kwenye kamati, ingawa kiraka hakukitaja, habari zilivuka barabara kabla yake. Mashati ya askari yaliyokuwa yakifika thelathini kwa wiki yakawa matatu. Gari la doria likaanza kuegeshwa mbele ya mlango wake, kutwa nzima, likimzibia mwanga.

"Nikawasha taa," anasema, akiinua mabega. "Wakadhani nitahama. Nikahame niende wapi, na cherehani hii ina uzito wa ng'ombe?"

Saa tatu na nusu, mume yuleyule anafika akiwa amevaa shati la harusi. Amekuja kumbebea mkoba. "Twende," anasema, "kabla sijaanza kuwa na akili tena."

Chumba cha kamati ni kidogo, kina meza ndefu, feni mbovu na viti vya plastiki. Fundi Saa yupo mstari wa mbele, mkono mapajani; nyuma yake msusi ameshika simu yake. Kando ya ukuta wamekaa askari wanane waliokuwa kwenye operesheni, sare zimepigwa pasi, namba zote ziko kifuani. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, anawauliza mmoja mmoja. Wote wanane hawakumwona Fundi Saa siku hiyo. Mmoja anasema hata barabara yenyewe haikumbuki vizuri.

Mama Pindo anaitwa. Anasimama mbele ya ile meza ndefu.

"Mheshimiwa, kwanza nina kosa langu. Namba za kubandua niliwawekea mimi, kumi na saba. Niandikeni. La pili, aliyempiga huyu kaka yangu yumo humu, na simtaji."

"Humtaji? Sasa umekuja kufanya nini, mama?"

"Nikimtaja watasema nina kinyongo. Naomba kitu kimoja tu. Wote wasimame, wanyooshe mkono wa kulia juu, kama mtu anayekula kiapo."

Chumba kinavuma. Ofisa aliyekuja kuwatetea askari anasimama kupinga: hii ni kamati, si darasa la mazoezi ya viungo! Mwenyekiti anamtazama juu ya miwani.

"Kunyoosha mkono kunauma wapi, afande? Simameni."

Mikono saba inapanda juu kama ya wanafunzi wanaojua jibu. Wa nane unaishia usawa wa sikio, kiwiko kimebana ubavuni, kana kwamba mwenye nao ameficha yai kwapani.

"Koplo," mwenyekiti anasema, "juu."

"Nina maumivu ya bega, mheshimiwa."

"Pole sana. Taratibu basi. Juu."

Mkono unapanda. Na hapo chini ya kwapa, mbele ya watu wote, kishada cha bluu iliyopauka.

Msusi anapiga kelele na kumwekea mwenyekiti ile video mezani, imesimamishwa pale kwapa linapoonekana. Mwenyekiti anagonga meza. Koplo anashusha mkono haraka na kusema viraka viko vingi, nchi nzima ina viraka.

"Ni kweli," Mama Pindo anajibu. "Basi kabla hajavua, karani aandike maneno yangu. Siku ile ya kutia kiraka nilikuwa nashona sketi za kijani za shule, nikasahau kubadilisha bobini, ile ya uzi wa chini. Kwa nje uzi ni wa bluu. Mkigeuza ndani, ni wa kijani. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayerudia kosa hilo."

Karani anaandika. Koplo anapelekwa chumba cha pili, shati linarudi bila yeye. Mwenyekiti analigeuza mwenyewe, mkono wa kulia, polepole. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Kisha analiinua ili kila mtu aone.

Kijani.

Fundi Saa hapigi kelele. Anainama, mabega yanatikisika, na mume wa Mama Pindo anamshika mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu rungu lile, mtu mwenye mhuri amekubali kwamba kweli alipigwa na askari, na kwamba askari huyo yupo.

Siku hiyohiyo kamati iliagiza jalada lifunguliwe na Koplo asimamishwe kazi. Kesi inatajwa mahakamani mwezi ujao. Wale saba wengine wametakiwa kueleza waliwezaje kutoona kitu kilichotokea hatua tano mbele yao. Vidole vya Fundi Saa havijarudi. Gumba linapinda nusu tu, na saa ndogo za kike bado hazigusi. Lakini siku hizi amerudi mezani, anatengeneza za ukutani.

"Saa kubwa kwanza," anasema. "Mengine gumba litaamua."

Na Mama Pindo? Askari wa kike walianza kurudi mmoja mmoja, wakimwomba awafumulie utepe na kuwashonea namba kwa mashine, pande zote nne. Hiyo anaifanya bure. Tayari amefumua tisa kati ya zile kumi na saba.

Ila mpango wake mkubwa uko kwingine. Baada ya habari kuenea, watu wamemletea picha na video ishirini na sita. Kuna wengine waliopigwa na kuambiwa yale yale kwenye kaunta nyingine za mji huu, kwamba bila namba hakuna askari. Mashati hayo yeye hayajui. Akakuna kichwa, akakumbuka jambo: kila kituo cha polisi kina fundi wake.

Akawasaka. Alasiri ya Jumamosi, mafundi saba wanajibana katika chumba chake, wengine wamekalia marobota ya vitambaa, kila mmoja na miwani yake. Wanataka kukutana kila mwezi na kupeleka watakachokiona kwa mwenyekiti wa kamati. Msusi anaweka picha ya kwanza mezani: askari amegeuka upande, kofia imemfunika uso, kifua hakina namba.

Fundi mmoja mzee wa kituo cha upande wa pili wa mji anaivuta picha karibu na pua. Anaitazama, anaigeuza kwenye mwanga, kisha anaanza kucheka mpaka anakohoa.

"Huyu? Huyu si namjua! Mfuko wa kushoto niliuweka juu kidogo, akanigombeza wiki nzima mbele ya wateja. Lete kalamu, mwanangu. Lete kalamu!"