Chupa Kumi na Nne za Mayu Minza

Minza ana miaka hamsini na kitu. Hicho kitu hakijui, na hajali. Alifika Katavi akitokea Maswa na mume wake na ng'ombe arobaini, mwaka ambao malisho ya kwao yalikwisha. Mume akafariki, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja, naye akabaki na shamba la mahindi pembeni mwa Magamba, mtoto wa kiume anayechimba dhahabu, na ufundi aliojifunza ukubwani.

Ufundi wenyewe ni huu. Jirani na nyumba yake kuna karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayopiga kelele kutwa. Unga wa mawe ukishaoshwa kwenye beseni, Minza huumwagia zebaki, huifinyanga kwa mkono mtupu mpaka ishikane na dhahabu, kisha huikamua kwa kipande cha khanga. Donge linalobaki huliweka kwenye kijiko kikubwa na kulichoma juu ya jiko la mkaa. Zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Wachimbaji wanamwamini kuliko mizani. Wote humwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata walio wakubwa kwake.

Mimi naitwa Skolastika. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya mradi wa afya za wachimbaji, vyumba vitatu vya kupanga na jenereta, pale Kawajense. Kazi yangu ni kupima zebaki kwenye mikojo ya watu. Si kazi ya kusimulia ukweni, lakini naipenda. Mkojo unatiwa tindikali, halafu dawa inayoitoa zebaki majini ikawa mvuke. Mvuke unapita kwenye bomba la kioo linalomulikwa na taa upande mmoja, na upande wa pili mashine inapima mwanga uliofika. Zebaki hunyonya mwanga huo, kwa hiyo kadiri mwanga unavyopungua ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Tunaweza kukamata kiasi kidogo mno, kama punje moja ya chumvi ndani ya simtanki. Tunapima pia jinsi mkojo ulivyokolea, ili aliyekunywa maji mengi na aliyeshinda na kiu walinganishwe kwa haki.

Mwezi wa sita nilikwenda kwenye lile karasha na chupa kumi na nne, kila moja na namba ya mtu wake: wanaume tisa, wanawake watano. Nilieleza kwamba nataka mkojo wa kwanza wa asubuhi, kila mtu ajaze kwake, kesho yake Minza azikusanye. Hakuna aliyebisha. Ningekuwa na akili siku ile, ningejiuliza kwa nini hakuna aliyebisha. Kesho yake chupa zilikuwa zimepangwa kwenye boksi, zimejaa sawasawa, zimefutwa na kitambaa.

Maabara, chupa ya kwanza ilitoa mia moja na arobaini. Sisi huanza kushtuka kwenye ishirini. Ya pili ikatoa mia moja thelathini na tisa. Ya tatu, mia moja na arobaini. Nilipofika ya saba nilizima mashine.

Rafaeli, mwenzangu wa maabara, ni mtu wa kumlaumu mtu kwanza na mashine baadaye. "Umechafua bomba, Scola," alisema. "Ile ya kwanza imebaki humo, inakusomea kila mara."

Nilisafisha bomba. Nikapitisha maji safi, yakasoma sifuri. Nikapitisha maji yenye zebaki ya kiasi tunachokijua, yakasoma kiasi hichohicho. Nikapima upya chupa zote kumi na nne, nikivuruga mpangilio wake: mia moja na arobaini, mbili zaidi, moja pungufu. Hata ukolevu ulilingana, mwanaume wa miaka ishirini na mwanamke wa hamsini. Rafaeli alitazama karatasi, akavua miwani. Watu kumi na wanne hawawezi kukojoa namba moja.

Nilichukua bodaboda kwenda Magamba nikiwa na hasira, maana kwa siku mbili nzima nilikuwa nimejiona mjinga mbele ya Rafaeli. Minza nilimkuta uani anapepeta mchele. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na ungo ukatetemeka nao. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Nikamuuliza zile chupa alijaza nani.

"Nilijaza mimi," alisema. Hakupepesa macho. "Zote. Vichupa vyenyewe vidogo."

"Kwa nini, mayu?"

Aliweka ungo chini, akatazama kama kuna mtu karibu. Mkwe wake Happiness, mke wa yule mwanawe, alikuwa mbali, anaosha mchanga. "Huyu ana mimba," alisema kwa sauti ya chini. "Changa. Miezi miwili. Kwetu mimba ya miezi miwili haisemwi, mwanangu. Ukiisema mapema wenye macho mabaya wanaisikia, inatoka. Mwaka jana ilitoka moja, alishamwambia shoga yake. Sasa wewe unakuja unataka mkojo. Kila mtu anajua zahanati wanaonea mimba kwenye mkojo. Akikataa peke yake, si wote watajua sababu? Nikawaambia, nyie, leteni chupa zenu. Wakaleta mbiombio. Masele anavuta bangi, alinishukuru."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kisha kicheko kikakauka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka karatasi yangu mwenyewe ya maswali. Ina swali linalouliza kama mwanamke ni mjamzito. Siku ile ya kugawa chupa niliwajazia "hapana" wanawake wote watano bila kuwauliza. Mimi ni Mpimbwe, si Msukuma, lakini na kwetu hayo hayaulizwi mbele za watu. Nilisingizia heshima. Ukweli, niliona aibu, nikapita haraka.

Nilimweleza yote, na nilijitahidi nisiyapambe. Kwamba namba yake ni kubwa mara saba ya ile inayotuogopesha, na kule kutetemeka si uzee. Kwamba aende hospitali na asichome tena. Halafu nikafika pale palipokuwa pagumu. Ule moshi mtu akiuvuta unaingia kwenye damu, na kwa mjamzito unavuka mpaka kwa mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unatengenezwa. Katika watu wote kumi na wanne, niliyetakiwa kumpima kwanza ni yule aliyefichwa.

Aligeuka akamtazama Happiness kule mbali. "Ninapochoma," alisema, "yeye ndiye anayepepea mkaa."

Nikampa chupa moja. Asubuhi iliyofuata Happiness aliijaza mwenyewe, Minza akaileta Kawajense kwa miguu, imefungwa kwenye khanga kama dawa ya mtoto. Alikataa kuondoka. Alikaa kwenye benchi barazani mpaka mashine ilipomaliza. Niliwahi kutoa majibu mengi, na kwa kawaida nayatoa kama mtu anayesoma saa. Siku ile niliketi kwanza kando yake.

"Thelathini na sita," nilimwambia. "Imepita mstari, lakini haijafika mbali. Akikaa mbali na moshi, kila miezi miwili itapungua karibu nusu."

"Na mtoto?"

"Mtoto mashine haimpimi, mayu. Sijui."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atalia, lakini aliuliza mambo ya kazi. Moshi unafika wapi? Unafika ndani ya nyumba, nikamwambia, unakaa ukutani, unakaa kwenye nguo. Kuna vyombo vya chuma vya kuchomea, vinavyoufunga moshi usitoke. Happiness kufanya kazi nyingine tu pale pale karasha haitoshi, inabidi aondoke. Wazazi wake wako Misunkumilo, na huko hakuna dhahabu.

Shida ilikuwa moja. Mkwe hawezi kurudi kwao ghafla bila neno. Watu wangesema ameachika au ameiba, na mume wake angesikia maneno hayo machimboni kabla ya kufika nyumbani. Neno lililokuwepo ni lile lisilosemwa.

Jumamosi niliitwa karasha. Mashine ilikuwa imezimwa, na nilikuwa sijawahi kusikia mahali pale pakiwa kimya. Minza alisimama katikati ya mabeseni, Happiness nyuma yake, ameshajifunika uso na upande wa khanga.

"Happiness ana mimba," Minza alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita lazima. "Miezi miwili na kitu. Anakwenda kwa mama yake kwa sababu moshi wangu umemwingia. Mkojo wote ule mliopeleka ulikuwa wangu. Scola ana chupa nyingine. Mara hii kila mtu ajaze ya kwake, na mwenye mimba amwambie Scola."

Masele alitazama viatu vyake, akaja kuchukua chupa, kisha wengine wakafuata. Mwanamke mmoja, jina lake sitalitaja, alipokea yake akaushika mkono wangu, hakuuachia upesi.

Minza alikwenda kukaa kwenye gogo nyuma ya karasha. Nilimfuata. Mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, na safari hii sikujua ni zebaki au ni kitu kingine.

"Ile ya mwaka jana ilisikiwa na mtu mmoja tu," aliniambia. "Hii nimeitangaza kwa wote. Nimeogopa, mwanangu. Ikitoka, hakuna mashine yako itakayoniambia kama ni moshi au ni mdomo wangu."

Nilikaa naye mpaka bodaboda ya kumpeleka Happiness ilipofika.